Sinema za Tanga, Kutoka Chumba cha Juu

Majestic, Novelty, Regal: Tanga ikikumbuka sinema zake, mazungumzo huanza na staringi na kuishia kwenye nyimbo za Kihindi. Ni haki, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyojaza viti. Lakini historia ninayoijali mimi ilikuwa juu, nyuma ya migongo ya watazamaji, katika chumba cha projekta, ambacho wengi hawakuwahi kukiingia.

Ukitaka kulitambua jengo lililokuwa sinema, hata kama sasa ni ghala, tazama ukuta wa nyuma. Utakuta matundu madogo, mawili mawili: moja la kupitisha mwanga, la pili la opereta, yaani mwendesha projekta, kuchungulia. Jozi mbili maana yake palikuwa na projekta mbili. Matundu hayo yalifungwa kwa vifuniko vya chuma vilivyoshuka vyenyewe joto likizidi. Tahadhari hiyo ilitokana na mikanda ya naitreti, aina ya zamani ya filamu, iliyotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Inashika moto upesi, na kwa kuwa ina oksijeni ndani yake, hata ukiitumbukiza majini inaendelea kuwaka.

Kwa nini projekta mbili? Mkanda wa milimita 35 hupita fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde, yaani futi 90 kwa dakika. Rili, yaani gurudumu la mkanda, ya futi 2,000 inaisha kwa dakika 22 hivi. Picha ya Kihindi ya saa mbili na dakika arobaini ni futi 14,400: rili nane, mzigo unaozidi kilo 30, na mabadilishano saba bila mtazamaji kutambua. Kidoa kinatokea kona ya juu kulia ya picha, opereta anawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde kama saba baadaye kinakuja kidoa kingine, naye anafunga mwanga wa huku na kufungua wa kule. Akichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi. Kisha rili iliyokwisha, ambayo sasa mwisho wake ndio uko nje, inarudishwa nyuma kwa mkono wakati nyingine inacheza.

Mwanga wenyewe ulihitaji kuchungwa kama mtoto mchanga. Kabla ya balbu za xenon kuenea, ulitoka kwenye fito mbili za kaboni zilizokaribiana bila kugusana, umeme ukiruka katikati. Fito zinaungua na kufupika, kila moja kwa kasi yake, kwa hiyo zilisogezwa mara kwa mara. Zikikaa vibaya, picha inaingia ukahawia au ubluu. Pengo likipanuka mno, mwanga unazimika kabisa. Moshi wake si wa kuvuta, ndiyo maana majengo haya yana bomba linalotoka paani.

Mkanda ukipita kwenye projekta huachiwa kitanzi juu ya dirisha la mwanga, pale mwanga unapopita kwenye picha, na kingine chini yake, kwa sababu dirishani unakwenda kwa kusimama na kuanza, lakini kwenye magurudumu ya meno unatiririka. Kitanzi kikipotea, picha inarukaruka na matundu ya pembeni mwa mkanda yanachanika. Kitanzi cha chini kisipokuwa na kipimo sahihi, midomo na sauti haviendi pamoja, maana sauti husomwa fremu kama 20 mbali na picha.

Mkanda ukikatika, unakatwa sawasawa kwenye mstari kati ya fremu, unakwanguliwa utando wa picha kwenye ukingo mwembamba, unatiwa gundi ya filamu na kubanwa. Opereta makini alipaka wino mweusi kwenye njia ya sauti, mstari wa ukingoni unaobeba sauti, mahali pa kiungo ili spika isipige mlio. Kila kiungo kinakula fremu. Nakala iliyokwisha kuzunguka miji mingi ilifika na nyimbo zilizopunguzwa hivyo, kidogo kidogo.

Wengi huilaumu televisheni kwa kufa kwa kumbi hizi. Naona lawama hiyo imezidi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo majengo mengi makubwa ya kupangisha yalikwisha kutaifishwa kwa sheria ya 1971, na miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu. Fito za kaboni, lenzi, taa ndogo ya kusomea sauti, nakala mpya: vyote hutoka nje. Kanda za video zilikuta mashine zimechoka tayari.

Bado huenda kuna makopo ya mikanda kwenye stoo za mjini. Ukiyapata, usiuchezeshe mkanda wala kuufungua karibu na moto. Soma maandishi ya ukingoni: SAFETY ni salama zaidi, NITRATE umwite mtaalamu. Ukisikia harufu ya siki, mkanda umeanza kuoza. Utenge na mikanda mizima, kwani mvuke wake huiharibu. Joto na unyevu wa pwani yetu huharakisha uozo huo. Usifunge kwenye nailoni. Weka pakavu, penye ubaridi na hewa, rili ikiwa imelazwa. Lebo ya kopo usiitupe hata ikichanika, maana mara nyingi ndiyo pekee inayosema rili ni ya ngapi na ilipitia miji gani.