Igeuze ndani nje kwanza: kuchagua suruali ya kiume ya milima na miamba

Suruali ya mlimani ni nadra kuchanika katikati ya kitambaa. Hufia kwenye msamba, pale mishono minne inapokutana. Hufia magotini na makalioni. Hufia pia upande wa ndani wa kifundo, kiatu cha mguu mmoja kinapousugua mguu wa pili kila hatua. Kwa hiyo mwanamume anayesimama soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili asubuhi akipapasa paja la suruali na kusema "hii ni ngumu" amepapasa mahali ambapo hapatamsumbua kamwe. Igeuze ndani nje kwanza. Lebo, rangi na jina la kampuni vitasubiri.

Ukishaigeuza, tafuta mshono wa ndani ya mguu na ule wa makalioni. Mshono unaodumu ni ule ambao kingo mbili za kitambaa zimekunjwa zikafichana, kisha mistari miwili ya uzi ikapita juu yake sambamba, kama kwenye jinzi nzuri. Ukikuta kingo zimeshikwa kwa ovaloki (uzi wa kuzungushia ukingo) peke yake, bila mstari wa pili wa uzi, hiyo ni suruali ya ofisini hata kama ina mifuko minane. Hesabu mishono, yaani hatua za sindano kwenye mstari wa uzi: mitatu hadi minne kwa kila sentimita inatosha. Ikiwa miwili tu, uzi wenyewe unabeba mzigo mkubwa mno kila unapokunja goti. Ikizidi mitano kwenye nailoni nyembamba, matundu ya sindano yamesongamana na kitambaa huchanika kama karatasi ya stempu. Halafu shika pande mbili za mshono wa makalioni uvute kwa nguvu. Mwanga ukipenya katikati ya mishono, au matundu ya sindano yakipanuka na kubaki hivyo, irudishe kwenye rundo.

Msamba ndio wenye mambo. Kwenye suruali ya kawaida, mshono wa mbele, wa nyuma na ile miwili ya miguu hukutana nukta moja. Ukiinua mguu kukanyaga jiwe lililo usawa wa kiuno, nukta hiyo huvutwa pande nne kwa wakati mmoja na haina pa kwenda. Uzi hukatika, au kitambaa kando yake. Suruali zilizotengenezwa kwa ajili ya miamba zina kipande cha ziada hapo, chenye umbo la almasi au pembetatu, kinachotawanya mvuto na kuitenganisha ile mishono minne isikutane. Kwangu hili linatangulia hata aina ya kitambaa. Pamba ya kaki yenye kipande cha msamba itaishi kuliko nailoni ghali isiyo nacho, ilimradi unapanda mawe.

Wengi huponza suruali zao kwa kudhani upana unasaidia. Wananunua saizi 36 badala ya 33, wanakaza mshipi, msamba unaning'inia karibu na katikati ya paja. Sasa ukiinua mguu mmoja, msamba ule unauvuta mguu wa pili, na goti linakwama kabla halijafika kiunoni. Msamba unaokaa juu, karibu na mwili, ndio unaouacha mguu huru. Jaribu hivi pale pale sokoni, juu ya nguo ulizovaa ikiwa hakuna pa kubadilishia: chuchumaa hadi visigino vikaribie makalio, kisha simama, inua goti moja hadi lipite kitovu, kisha litupe pembeni kama unayevuka ua. Kiuno kikishuka nyuma, au kitambaa kikibana goti, hiyo si yako.

Ukipata suruali nzuri kwa kila hali ila haina kipande hicho, fundi wa cherehani anaweza kukiweka kwa saa moja, na ni kazi inayostahili kuelezwa vizuri maana ikikosewa suruali huharibika kabisa. Mwambie afumue mshono wa ndani wa kila mguu sentimita 12 na nusu kutoka msambani, na aufungue ule mkutano wa mishono. Mishono ya mbele na ya nyuma isifumuliwe zaidi ya hapo. Utabaki na mpasuo mmoja unaotoka mguu hadi mguu, kama sentimita 25. Kata almasi yenye urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 8 katikati, kisha uongeze sentimita moja na nusu ya mshono pande zote. Kila upande wa almasi hiyo utakuwa na sentimita 12.6, ndiyo sababu ya kile kipimo cha kufumua. Pembe mbili kali zinaelekea miguuni. Pembe mbili butu zinakutana na mshono wa mbele na wa nyuma. Ikiwa kitambaa cha kipande kinavutika, mvuto uelekee mguu hadi mguu. Ashone mara moja, alaze mshono upande mmoja, kisha apitishe mstari wa pili juu yake, na kwenye zile pembe kali arudie nyuma na mbele mara tano au sita, maana hapo ndipo mpasuko mpya huanzia.

Usikubali kipande chenye upana wa kupita sentimita 10. Kinashusha msamba, na umerudi kwenye tatizo la suruali pana. Kwa sababu hiyo hiyo, suruali ambayo tayari msamba wake unaning'inia haiponi kwa kipande, kinaizidisha ubaya.

Uzi uwe wa polyesta. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na unyevu na utakatika kabla ya kitambaa chochote. Namba 40/2 inafaa nailoni na kaki nyepesi. 20/2, ambao ni mnene zaidi, ni wa kanvasi na jinzi. Sindano namba 14 kwa vitambaa vyepesi, 16 kwa vizito, na iwe mpya: sindano butu hukata nyuzi za nailoni badala ya kupita kati yake, na utaona mistari midogo ya kuchanika kando ya mshono baada ya safari moja. Kingo za nailoni zipitishwe haraka kwenye moto wa kiberiti kabla ya kushona ili zisifumuke.

Kuhusu kitambaa chenyewe, jibu linategemea unakwenda wapi. Mtu wa Nakuru ana Menengai mlangoni na Longonot, mita 2,776, saa moja na kitu kwa matatu. Huko adui ni vumbi na changarawe ya volkeno. Njia ya Longonot ina kokoto zinazoteleza, watu hushuka kwa makalio, na vumbi lile ni punje ndogo zenye ncha zinazoingia kati ya nyuzi na kuzisaga kutoka ndani kila unapotembea. Nailoni hustahimili msuguano wa namna hiyo kuliko polyesta ya uzito ule ule. Tafuta yenye gramu 160 hadi 220 kwa mita ya mraba. Ile iliyofumwa kwa miraba midogo, yenye uzi mnene kila baada ya milimita chache, ina faida ya ziada: miiba ya migunga ikitoboa, tundu hugota kwenye mraba na halikimbii. Tofautisha hilo na ugumu wa kusuguliwa, maana kitambaa cha miraba kinaweza kuwa chembamba sana na kikaisha magotini upesi tu.

Hell's Gate, hifadhi iliyo karibu na Naivasha, ni kwingine. Kwenye nguzo ya mwamba ya Fischer's Tower na kuta kubwa za bonde lile unasugua magoti na mapaja kwenye mwamba mkavu, chini ya jua kali. Kit Mikayi, barabara ya Bondo, na majabali ya Maragoli ni matale (graniti) yenye chembe ngumu zinazofanya kazi ya msasa. (Kit Mikayi ni mahali pa ibada, zungumza na wenyeji wanaopalinda kabla hujagusa jiwe.) Kwa mawe ya namna hii mimi ningechukua kanvasi ya pamba ya gramu 250 hadi 300 yenye spandeksi (nyuzi zinazovutika) asilimia 2, au nailoni nzito. Pamba hapa si dhambi: haiyeyuki kwa msuguano wa kamba, haipigi kelele, na mvua ikinyesha unashuka na kurudi nyumbani.

Ila pamba hiyo hiyo usiipeleke Elgon. Joto hupungua takriban nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Kisumu, iliyo kama mita 1,130, hadi kilele cha Koitobos chenye mita 4,222, toa nyuzi 20: mchana wa nyuzi 28 ziwani ni nyuzi 8 kule juu, kabla hujahesabu upepo na mvua. Nyuzi za polyesta hunyonya unyevu wa asilimia 0.4 tu ya uzito wake katika hewa ya kawaida, nailoni kama 4, pamba 7 hadi 8. Pamba ikishalowa huganda mwilini, haikauki kwenye baridi, na hukunyang'anya joto usiku kucha. Jinzi ni mbaya kuliko zote, kwa uzito wake na kwa muda inaochukua kukauka. Kwa Elgon chukua nailoni au polyesta, suruali ya mvua ya kuvaa juu, na nguo nyembamba ya kubana ndani kwa usiku. Kaa mbali na moto wa kambi: cheche moja huyeyusha tundu kwenye nailoni, na plastiki iliyoyeyuka hugandamana na ngozi.

Msitu wa Kakamega hauna miamba ya kuogopwa, una unyevu, upupu na siafu. Kitambaa chepesi kinachokauka haraka, kilichofumwa kwa kubana ili majani yenye sumu yasipenye, na pindo la chini linaloingia ndani ya soksi. Basi.

Mitumba mingi imekatwa lebo. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye kingo za ndani za kitambaa, si uzi wa kushonea, maana huo karibu daima ni polyesta na utakudanganya. Baada ya kununua, ushike kwa kibano uuchome. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, huacha jivu jepesi. Nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu lenye rangi hafifu. Polyesta huyeyuka kwa moshi mweusi na tone lake huwa jeusi. Ukikuta lebo imesema poliamaidi, hiyo ni nailoni ile ile. Kabla ya kulipa, inua makalio na magoti ya suruali dhidi ya jua. Palipokonda patapitisha mwanga zaidi ya mapaja. Kama inavutika, shika sentimita 10, ivute hadi 12, iachie. Ikibaki imelegea, spandeksi imekufa, pengine kwa maji moto au Jik ya mwenye nayo wa kwanza, na haifufuki.

Anayepanda kwa kamba aangalie vitu vichache zaidi. Mkanda wa hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba) hukaa juu ya mifupa ya nyonga, kwa hiyo bizimu kubwa la chuma la mshipi litakuchimba tumbo ukining'inia. Mshipi wa utepe au kiuno chenye lastiki ni bora. Mifuko ya pembeni ya paja ikae chini ya mikanda ya mapaja, la sivyo hutaifungua. Vifungo vya chuma makalioni vitakwaruza mwamba na kukatika. Zipu ya mbele iwe ndefu ya kutosha kufikika hanesi ikiwa imefungwa. Na mguu wa suruali uwe mwembamba chini, au uwe na kifungo, kwa sababu usipoiona ncha ya kiatu chako unakanyaga kwa kubahatisha.

Kiraka cha goti kiwekwe kabla tundu halijatokea, mara kitambaa kinapoanza kung'aa. Weka alama goti likiwa limekunjwa. Ukipima umesimama, kiraka kitaishia juu ya mahali panapochakaa. Kipite eneo lililokonda kwa sentimita 3 kila upande na pembe zake ziwe za mviringo, maana pembe kali hubanduka. Nailoni ya mkoba wa shule uliochakaa inafaa, lakini isiwe ngumu mno kwa kitambaa kilichopo: kiraka kigumu juu ya kitambaa dhaifu hukata suruali kando ya mshono wake.

Ukirudi kutoka Longonot, kung'uta na suuza kwa maji baridi kabla ya sabuni yoyote. Kuloweka na vumbi lote ndani na kisha kufikicha ni kuisaga tena. Anika ndani nje kivulini, jua kali hudhoofisha nailoni. Zipu ifungwe wakati wa kufua. Ikianza kufunguka yenyewe nyuma ya kichwa chake, meno kwa kawaida ni mazima: vumbi limekula kichwa kinachoteleza. Isugue kwa mswaki wa zamani, kisha kibane kichwa kwa koleo pande zote mbili, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, na upake nta ya mshumaa kwenye meno. Ukikibana kupita kiasi kinapasuka, na hapo ni zipu mpya.