Siku moja kliniki ya kisukari: mwaga mkoba wote mezani

Saa 1:30 asubuhi. Foleni haijaanza. Napitia majibu ya maabara, na namba ninayoitafuta kwanza si ya sukari, ni ya figo. Dawa nyingi hutoka mwilini kupitia huko. Figo zikichoka, kidonge cha jana kinakutana mwilini na cha leo. Metfomini, dawa ya sukari, kwa mfano: uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 45 kwa dakika napunguza dozi, chini ya 30 naifuta kabisa.

Saa 2:15. Mzee wa miaka 78, kaletwa na binti yake. "Daktari, baba anaamka usiku kalowa jasho, anaongea maneno hayaeleweki. Sisi tunasema uzee." Kipimo chake cha wastani wa sukari wa miezi mitatu ni asilimia 6.1. Kwa kijana ningempongeza. Kwa mzee huyu kilinitisha, kwa sababu anakunywa glibenklamidi, kidonge kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi, na figo zake zimeshuka, yaani sukari inaanguka akiwa usingizini. Isitoshe, dawa ya moyo anayotumia kupunguza mapigo inaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio. Dalili ya onyo iliyobaki ni jasho tu.

Nikaifuta glibenklamidi. Kazi ikawa kumweleza kwamba namba aliyoipigania miaka yote ndiyo inayomuumiza, na kwamba kwake yeye karibu na 8 inatosha. "Sasa mimi nilikuwa najinyima ya nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu zuri. Tulimweka hadi mchana tukimpima kila saa, maana dawa ile haitoki mwilini haraka.

Saa 4:40. Mama mwenye presha na kisukari. Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, imepanda ghafla. Mkono ulishaenda kwenye kalamu kupunguza metfomini, nikajizuia.

"Mama, mwaga mkoba wote mezani."

Zikatoka enalaprili ya presha, dawa ya kukojoza, metfomini, na chini kabisa diklofenaki ya maumivu, karatasi tatu zimeshaisha nusu. Magoti. Hakuitaja kwa sababu "hiyo si ya sukari". Diklofenaki juu ya enalaprili na dawa ya kukojoza ni mzigo mzito kwa figo. Nikamwandikia parasetamoli badala ya diklofenaki, nikaiacha enalaprili iendelee kwa kuwa ana protini kwenye mkojo na inamlinda, na arudie kipimo baada ya wiki moja. Dawa za sukari sikugusa hata moja. Miaka ya nyuma ningesema kisukari kimefika kwenye figo, nikamrudisha nyumbani na diklofenaki yake.

Saa 6 mchana. Wa haraka haraka. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU: metfomini isizidi miligramu 1000 kwa siku, kwani dolutegraviri huizuia isitoke. Mwenye pumu aliyeanzishiwa prednisoloni, dawa inayopandisha sukari: sukari ya asubuhi nzuri, ya jioni imepaa, kwa hiyo insulini yake naiongeza asubuhi, si usiku. Chai nimekunywa nimesimama.

Saa 8 mchana. Mgonjwa mwingine: moyo umepanuka, miguu imevimba, na mahali fulani kaandikiwa pioglitazoni, dawa ya sukari inayofanya maji yabaki mwilini. Naitoa. Dapagliflozini ingemsaidia moyo na sukari kwa pamoja, lakini kabla sijaandika nauliza kama ataweza kuinunua kila mwezi. Dawa ya mwezi mmoja tu haimsaidii mtu. Anasema ataweza. Basi namweleza: ukitapika au ukishindwa kula, isimamishe, njoo. Na ukiwashwa sehemu za siri usione aibu kusema, ni fangasi, hutibika.

Saa 2 usiku. Binti wa yule mzee anapiga simu. Sukari ya kidole sasa hivi ni 9.4 mmol/L. "Daktari, si imepanda sana? Nimpe nusu kidonge?"

Usimpe. Mpe chakula, alale, umpime tena saa 9 usiku.

Nimeweka kengele ya simu saa 9 na mimi.