Nimeshakaza

Jumamosi iliyopita tulikuwa wawili chini ya pikapu, kijana wangu ameshika tochi, mimi nafungua filta ya oili. Ilipoachia niliigeuza mdomo juu isimwagike, nikapitisha kidole kwenye ukingo wake wote. Mpira upo. Nikapeleka kidole juu, pale ilipokuwa imekaa kwenye injini, nikazungusha. Pasafi. Akaniuliza, "Mama, mbona kila mara lazima uipapase hivyo? Si inatupwa tu?"

Nilimwambia shika tochi vizuri, nitakueleza. Nimejikuta nayaandika hapa kwanza, kabla ya kumweleza.

Baba yangu alikuwa seremala. Wakati huo bado alikuwa na ile pikapu nyeupe ya dizeli, na madirisha ndiyo yaliyokuwa kazi kubwa. Mimi nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemsaidia kufanya servisi mara nyingi, nikimpa spana, nikishika beseni, nikipangusa, ila sijawahi kuachiwa gari peke yangu. Jioni ile akanirushia funguo. "Kaifanyie servisi, mama. Kesho tunaondoka alfajiri na madirisha ya watu." Akarudi kwenye randa yake, wala hakugeuka nyuma kuangalia.

Nilifanya kila nilichomwona akifanya. Niliiwasha kidogo oili ipate moto na iwe nyepesi, nikaizima, nikafungua bolti ya chini nikaiacha ichuruzike hadi ibaki matone. Filta ilikuwa imeganda, ikabidi nitumie spana ya mkanda. Ikatoka, nikaitupa kwenye beseni bila kuitazama. Ile mpya niliipaka oili safi kwenye mpira wake, nikaifunga kwa mkono mpaka ikagusa, kisha nikaongeza robo tatu ya mzunguko kama ilivyochorwa ubavuni mwake. Nikajaza oili lita 6, nikawasha, nikachungulia chini kama nusu dakika. Pakavu. Nikazima.

Kiza kilipoanza kuingia nilirudi kuokota vyombo, nikaona tone. Lilikuwa limening'inia kwenye kitako cha filta, limejaa, linang'aa rangi ya asali kwa sababu oili ilikuwa bado mpya. Nikalifuta. Nikawasha gari, nikasubiri, likarudi. Mpaka leo nalikumbuka lile tone kuliko hata yaliyotokea kesho yake, kwa sababu lilikuwa linaniambia kitu na nililisikia vibaya. Nilichosikia ni kwamba filta haijakaza. Nikachukua spana ya mkanda nikaongeza robo, nikaona haitoshi, nikaongeza robo nyingine kwa nguvu zangu zote. Nikafuta, nikasubiri. Tone halikurudi. Nikanawa mikono nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi Baba alizunguka gari kama kawaida yake. Alikuwa na mzunguko wake: matairi, kamba za mzigo, taa, halafu anainama kidogo upande wa injini kutazama chini. Palikuwa na doa, upana wa kiganja. Akalitazama, kisha akanitazama mimi. Kabla hajafungua kinywa nikamwahi, "Nimeshakaza, Baba."

"Haya," akasema, akapanda.

Safari siielezi. Barabara ilikuwa tupu, madirisha yamefungwa vizuri, mablanketi katikati. Tulipoanza kupanda mlima wa kwanza mrefu nilisikia harufu, ile ya oili inayoungua juu ya bomba la moshi, kali, inakaba koo. Nikafikiri ni matone ya jana yanakauka, nikanyamaza. Juu kwenye kona taa nyekundu ya oili ikawaka mara moja ikazima. Kona ya pili ikawaka, na safari hii haikuzima.

Baba hakungoja hata sekunde mbili. Alizima injini gari likiwa bado linatembea, akatoa gia, akaacha ufunguo mahali ambapo usukani hauwezi kujifunga. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, akazikanyaga kwa mguu mzima huku akisogea pembeni, tukasimama. Kimya. Moshi ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye pengo la boneti.

Watu wengi wanadhani ile taa inapima wingi wa oili. Ni taa ya presha. Ikiwaka ujue pampu haina cha kusukuma, au inachosukuma kinatoka nje, na chuma kinaanza kusagana na chuma. Kungoja "nifike pale mbele kwenye kivuli" ndiko kunakoua injini. Baba hakunieleza hayo kule mlimani. Nilimwona tu alivyozima.

Aliacha bomba lipoe kwanza. Kisha akanipa tochi, akatandaza gunia, tukaingia chini wote wawili.

Pote palikuwa pamelowa. Sampu (beseni la oili chini ya injini), gia boksi, shafti ya nyuma, hadi ndani ya tairi la akiba, utadhani gari zima linavuja. Nilianza kupangusa pale penye oili nyingi zaidi, kule nyuma. Akanishika mkono. "Huko imefika, haijatokea huko. Oili inashuka, na upepo unairudisha nyuma. Tafuta juu kabisa na mbele kabisa penye unyevu, ndipo ilipoanzia." Akachukua kitambaa safi akaanza kwa kusoma injini kutoka juu: chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, pakavu. Swichi ya presha ya oili iliyo karibu na filta, akaibonyeza kwa kitambaa kwenye shingo yake, kavu. Filta yenyewe akaipangusa mwili mzima, ikabaki nyeupe. Akaniambia nimulike pale filta inapokutana na injini.

Hapo sasa ndipo nilipoona. Kwenye mwanya ule, upande mmoja tu, palitokeza kitu cheusi, kimejikunja, kama ncha ya ulimi iliyobanwa na meno. Sikuelewa ni nini. Nilidhani ni kipande cha uchafu. Baba alikitazama kwa muda mrefu, tochi ikitetemeka mkononi mwangu, tone moja likamwangukia shavuni na hakulipangusa. Akaniomba spana ya mkanda. Filta ilikataa, niliikaza mno. Ilipoachia aliishusha polepole, na kile kitu cheusi kikabaki juu, kimegandamana na injini, nusu kimekaa mahali pake, nusu kinaning'inia. Akakivuta kwa kucha. Kikatoka kwa mlio mdogo, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi. Kilikuwa mpira wa duara. Akageuza filta mpya: mpira wake upo, umetulia kwenye mfereji wake. Mipira miwili. Ule wa filta ya zamani haukutoka nayo nilipoifungua jana. Ulibaki umeganda juu, na mimi nikafunga filta mpya juu yake.

Akaniwekea ule wa zamani kiganjani. Ulikuwa mgumu, umekuwa bapa, upande mmoja umenyooka kwa kuvutwa. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Baadaye, siku nyingine, alinieleza. Mpira mmoja unabanwa ndani ya mfereji, hauna pa kwenda. Wa pili ukiwekwa juu yake hauna mfereji wala ukuta, umeshikiliwa na kubanwa tu. Injini ikiwa na moto na inaunguruma taratibu, presha ni ndogo, unavumilia, unatoa tone moja moja. Asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, ukikanyaga mafuta, presha inaweza kufika bar 4 au 5, nao unaanza kusukumwa nje kidogo kidogo. Mlima ulikuja kumalizia tu. Na kule kukaza kwangu hakukuziba kitu. Kuliubana ule mpira ukaficha dalili usiku mzima, basi.

Nyuma ya kiti kulikuwa na galoni la lita 5 ambalo halikuwahi kukosa. Alikagua mpira wa filta mpya kwa kidole, haukuchanika. Akapangusa uso wa injini mpaka chuma kikang'aa, akapaka oili kwenye mpira, akafunga kwa mkono bila spana. Kijiti cha kupimia kilitoka kikavu kabisa. Alimimina karibu galoni lote ndipo oili ikagusa alama ya chini. Kisha akachomoa waya mmoja kwenye pampu ya dizeli ili injini isiwake, akanituma nipige stata. Ikazunguka bila kuwaka, akasubiri taa nyekundu izime, maana yake oili imeshafika juu, ndipo akaurudisha waya. Ikawaka. Tulitandaza katoni chini ya injini tukalala pembeni kuitazama, yeye upande wake, mimi upande wangu. Akaniambia nikanyage resi kidogo. Katoni ikabaki kavu.

Tulifikisha madirisha. Tulichelewa, ila tulifika.

Tangu siku hiyo siwezi kuitupa filta bila kuigeuza. Na nimejifunza kutokuamini kwamba filta iliyolowa ndiyo inayovuja. Jirani yangu mmoja alibadilisha filta tatu kwenye pikapu yake, na kila mara inalowa baada ya siku mbili. Tuliosha eneo lote, tukalikausha, tukanyunyiza poda ya mtoto, tukaiacha injini iwake. Baada ya dakika chache mstari mwembamba ulijichora kwenye poda, unashuka kutoka kwenye swichi ya presha juu ya filta. Filta ilikuwa inanyeshewa tu. Mwingine alikuja na filta inayofanana kabisa na ya zamani kwa umbo, lakini nyuzi zake, ile mistari ya kufungia, ni za milimita 20 wakati chuma cha injini inapofungwa ni cha robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 19. Inaingia, inazunguka, inaonekana kushika, ila ukiitikisa kabla haijagusa inacheza. Hiyo usiibembeleze, irudishe. Na filta mpya ikivimba kitako, hapo usilaumu filta wala mkono wa aliyeifunga. Angalia vali ya injini inayodhibiti presha ya oili, huenda imekwama.

Hayo nayajua. Yanayonisumbua ni mengine.

La kwanza ni injini ile. Iliendelea kufanya kazi miaka kadhaa, halafu ikaanza kugonga chini, na fundi alipofungua sampu alikuta beringi za krankshafti zimekwisha. Baba alisema ni uzee, injini imebeba mbao za kutosha. Huenda. Lakini ilizunguka kwenye zile kona bila oili kwa sekunde ambazo hakuna aliyezihesabu, na chuma kilichokwaruzwa hakisahau.

La pili ni lile doa. Baba aliliona. Mtu aliyefundisha wengine kutafuta mwanzo wa unyevu hakuwa mtu wa kuona doa jipya chini ya gari lililotoka servisi jana, akasema "haya" akapanda. Siku nyingine yoyote angelala chini. Hakulala kwa sababu nilishamjibu, na kunichungulia baada ya jibu lile kungekuwa kuniambia mbele ya mzigo na safari kwamba haniamini. Nadhani hivyo. Sikumwuliza alipokuwa hai. Nilikaribia mara moja, tukiwa tumekaa tunasubiri gundi ikauke, nikaanza, "Baba, siku ile ya mlimani…" akanikata, "Ulipiga stata vizuri." Hatukuendelea.

Jumamosi ile na kijana wangu tulimaliza salama. Nilimwachia afunge filta yeye mwenyewe, kwa mkono, nikimhesabia mzunguko. Tuliwasha, tukakanyaga resi, tukazima, nikaangalia mara mbili. Usiku nilimwambia nimeangalia tena, pakavu kabisa, kesho tunaondoka.

Asubuhi nilitoka na funguo nikakuta miguu yake imetokeza chini ya gari, tochi inazunguka huko ndani. Kuna kitu kilinichoma kidogo. Sikumwuliza anatafuta nini. Nilisimama pale mpaka akatoka, akajipangusa mgongo, ndipo nikapanda nikawasha.