Shangazi wa Mafia na Mbudya

Shangazi yangu ni mtoto wa Mweka, chuo cha wanyamapori kule Moshi kilichoanza 1963. Kazi aliianzia Selous, kabla sehemu kubwa ya pori lile haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Baadaye akarudi darasani kusomea viumbe wa bahari. Hifadhi ya bahari ya kisiwa cha Mafia ilitangazwa 1995, naye akaingia huko ikiwa bado changa, akapanda vyeo mpaka kusimamia maeneo tengefu ya bahari ya hapa Dar: Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini.

Watu wakimuuliza habari za simba anakunja uso. Porini, anasema, una lango, na jangili anaacha nyayo. Baharini mpaka wako ni boya, na boya lenyewe linaibiwa. Halafu viumbe havikai ulipovichorea ramani. Mabuu ya samaki na matumbawe yanabebwa na mkondo unaopanda kaskazini mwaka mzima, ivume Kusi au Kaskazi, kwa hiyo mwamba ukivunjwa huko kusini huenda anayeumia ni mvuvi asiyewahi hata kufika huko. Na 1998, maji yalipochemka kwa El Niño, matumbawe yalifukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe, mengi yakafa. "Doria gani hiyo itakamata joto?" Hilo ndilo swali lake kwa kila anayedhani hifadhi ni boti na bunduki.

Yeye anaamini bahari inalindwa sokoni. Ukienda naye Feri asubuhi jitayarishe kuaibika. Anaminya tumbo la kila changu, anaomba apasuliwe mmoja, anaangalia uti wa mgongo. Samaki aliyevuliwa kwa kulipua baruti majini nyama imelegea ilhali jicho bado linang'aa, damu imevilia ndani, mifupa imeachana na nyama. Siku moja muuzaji alimwambia, "Bi mkubwa, nunua au pita." Akapita, akaenda kuminya wa meza ya pili.

Hapo ndipo tunapobishana. Mama lishe mwenye elfu kumi, foleni nyuma yake, atachunguza uti wa mgongo saa ngapi? Mimi naona wa kubanwa ni anayeuza baruti, maana si kila mvuvi wa ngalawa anaitengeneza mwenyewe. Shangazi anasema nina maneno mengi kwa mtu ambaye hajui kuogelea. Kweli sijui.

Jumapili iliyopita tulipanda boti Kunduchi kwenda Mbudya. Kisiwa kimefurika watu, moshi wa samaki kila banda. Wengi hawajiulizi: eneo tengefu haliruhusiwi kuvuliwa, sasa hao samaki wanatoka wapi? Shangazi akauliza.

"Feri, mama."

"Meza ipi?"

Kijana akacheka, akadhani anataniwa. Shangazi akaagiza pweza, kwa hoja kwamba pweza huchokolewa miambani kwa mti, hapigwi baruti. Mimi nilikuwa nimeshalipia changu na chipsi, nikala.