Asubuhi ya Bendera Mjini Apia

Niliwahi kuamka nisipitwe. Siku za kazi mjini Apia, mji mkuu wa Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, bendi ya polisi hupita barabara ya pwani ikipiga tarumbeta, askari wamevaa lavalava, vazi la kujifunga kiunoni mfano wa kikoi. Magari yakasimama. Bendera ikapanda taratibu: nyekundu, na pembeni juu kipande cha buluu chenye nyota tano nyeupe za Msalaba wa Kusini. Nikasimama wima kama nilivyozoezwa mstarini shule ya msingi.

Wimbo wao wa taifa unaiimba bendera hiyo hiyo. Unawaita Wasamoa wainuke waitweke, unaiita taji lao, na nyota zile unasema ni alama ya Yesu. Ndiyo maana ngao ya taifa ina msalaba juu, na chini maneno yasemayo kuwa Samoa imejengwa juu ya Mungu.

Lakini kilichonigusa zaidi kwenye ngao ni matawi ya mzeituni, yaleyale ya Umoja wa Mataifa. Sisi Watanganyika tunaijua njia hiyo. Mjerumani alitutawala sote. Heinrich Schnee alifanya kazi Samoa kabla ya kuletwa Dar es Salaam kuwa gavana. Baadaye sote tukawekwa chini ya udhamini wa Umoja huo, wao wakisimamiwa na New Zealand, sisi na Mwingereza. Tukajitawala tarehe 9 Desemba 1961, wao tarehe 1 Januari 1962. Siku 23 tu! Mbona shuleni hatukuambiwa?

Mama mwenye nyumba niliyofikia alinifungulia 'ie toga, mkeka wa majani ya jamii ya mkadi, uliochanwa nyuzi nyembamba mno na kutiwa manyoya mekundu ukingoni. Niliupapasa, laini kama hariri. Haulaliwi huo. Hutolewa harusini, msibani, na mtu anapopewa cheo cha umatai, ukuu wa ukoo. Kuusuka huchukua miezi, pengine miaka.

Kisha akanionyesha noti ya tala 20. Kuna ua la teuila, jekundu, ambalo nilikuwa nimeliona kila ua wa nyumba. Pembeni yake kuna manumea, njiwa mwenye mdomo mnene uliopinda, ndugu wa mbali wa yule ndege dodo aliyekwisha kutoweka, naye manumea ni ndege asiyepatikana kwingine duniani ila Samoa.

"Huyu umemwona?" nikauliza.

"Marehemu baba alimwona."

Akanieleza kwamba wawindaji hulenga lupe, njiwa wa kawaida wa msituni, na manumea akiwa katikati yao huanguka naye. Paka na panya walioletwa na meli wanammaliza pia, na msitu umepungua. Iliniuma sana.

Nikavuka kwa feri hadi kisiwa cha Savai'i, nikaingia msituni na kijana wa kijijini. Tulikaa kimya tangu alfajiri mpaka jua likawa kali. Lupe walilia, tena wengi. Kijana akatikisa kichwa kila mara.