Siku yangu moja: kocha wa makipa, Nürnberg, Ujerumani

Saa 12 asubuhi. Chai mkononi, natazama video ya mechi ya Jumamosi. Naangalia miguu ya kipa wangu kabla ya kila shuti. Mpira ukipigwa yeye bado anatembea, keshachelewa, hata awe na mikono hodari namna gani.

Saa 2 hadi saa 9 niko ghalani, maana ukocha wa vijana haulipi kodi ya nyumba.

Saa 10 na nusu, uwanjani. Vijana wanalowesha glovu kidogo. Zikikauka mpira unateleza. Tunaanza na mipira ya chini, kisha krosi. Mkubwa wao ana miaka 16 na anatema mipira ya kifuani. Namsogezea vidole gumba karibu, viganja vitangulie mbele ya uso. Mipira mitatu mfululizo inaganda mikononi. Uso wake unang'aa, na wangu pia.

Saa 12 jioni, penalti. Hapa lazima nimtaje Andreas Köpke, kipa wa klabu ya hapa, 1. FC Nürnberg, kuanzia 1986 hadi 1994. Nusu fainali ya Euro 1996, Wembley, alipangua penalti ya Gareth Southgate wa England, Ujerumani ikaenda kutwaa kombe. Lakini mimi namheshimu zaidi kwa kazi ya 2006, akiwa kocha wa makipa wa timu ya taifa. Robo fainali ya Kombe la Dunia na Argentina, Berlin, alimwandikia kipa Jens Lehmann kwenye karatasi ya hoteli wapigaji na pande zao. Lehmann akaificha ndani ya soksi. Akadaka penalti ya Ayala wa Argentina, aliyekuwemo kwenye orodha. Alipokuja mwenzake Cambiasso, jina lake halikuwemo, ila Lehmann aliisoma karatasi taratibu kana kwamba limo, kisha akapangua. Ujerumani ikashinda kwa penalti 4-2. Karatasi ile sasa iko makumbusho, Bonn.

Kijana ananiuliza, "Kocha, na mimi nikikutana na asiyeandikwa?"

"Tazama mguu anaosimamia. Mara nyingi ncha ya kiatu inaelekea kule anakopiga. Na usiruke mapema."

Tunarudia mpaka taa za uwanja zinazimwa.

Saa 3 usiku, nyumbani, naandika wapigaji wa wapinzani wa Jumamosi ijayo. Wanne nina uhakika nao. Wa tano hubadilisha upande, kwa hiyo nakata vipande vya video yake nimtumie kijana kesho kabla hajaingia darasani.