Asidi kali, lakini kali ndani ya nini?

Kuna titresheni moja (kupima kiasi cha kemikali kwa kudondoshea nyingine mpaka rangi ibadilike) ilinisumbua maabara karibu siku nzima. Anilini kwenye maji, asidi haidrokloriki kwenye bureti, nadondosha weee na rangi inageuka kidogo kidogo, yaani hakuna lile tone moja ambalo likidondoka tu, pap, imebadilika. Nikajua nimekosea vipimo nikarudia mara tatu, kumbe mchawi ni maji.

Anilini ni besi dhaifu, yaani inapokea protoni (ile H+ ambayo asidi inaitoa) kwa uvivu, na maji nayo yanapokea protoni, tena yamejaa humo chupani, kwahiyo zinagombaniana. Anayenisimamia akaniambia mwaga hayo maji, iyeyushe kwenye asidi asetiki kavu, na kwenye bureti weka asidi perikloriki. Nikacheka, besi unaipimia ndani ya asidi? Ila nikafanya, na kristali vayoleti, ile rangi ya kuonyesha mwisho wa titresheni, ikatoka zambarau ikaenda bluu-kijani mbele ya macho yangu bila kujivuta.

Ujanja wake ni huu. Ndani ya maji asidi perikloriki, haidrokloriki na naitriki zote zinaonekana kali sawasawa, sababu zote zinayatupia maji protoni na kinachobaki kufanya kazi ni haidroniamu ileile, yaani maji yaliyobeba protoni. Asidi asetiki yenyewe haipendi kupokea protoni, na ikilazimishwa inaitoa haraka kwa besi yoyote iliyo karibu, hata hiyo anilini yetu. Humo ndo unaona ubabe wa kweli, perikloriki inaongoza, haidrokloriki inafuata kwa mbali, naitriki iko nyuma zaidi.

Sasa cheki hii, mimi ilinichanganya zaidi. pKa ni namba ya ukali wa asidi, ikipanda asidi ni dhaifu zaidi. pKa ya asidi asetiki kwenye maji ni 4.76, ipeleke kwenye DMSO, kiyeyushi kingine kisicho maji, inakuwa kama 12.3, yaani imedhoofika zaidi ya mara milioni 10 na molekuli ni ileile! Na usidhani DMSO inakataa protoni, inazipokea vizuri kuliko maji. Shida ni ile asetati, yaani asidi asetiki ikishatoa protoni, inayobaki na chaji hasi. Maji yanaizunguka na kuishika kwa bondi za haidrojeni, inatulia, DMSO haina haidrojeni ya kumpa mtu kwahiyo asetati inabaki peke yake na inaitamani protoni yake irudi. Ndo maana anilini iliyobeba protoni haitikisiki sana, pKa yake kwenye maji 4.6, DMSO 3.6, sababu hapo hakuna chaji hasi inayozaliwa, ile chanya inahama tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Na ukienda kwenye toluini, kiyeyushi cha mafuta mafuta, ndo vichekesho kabisa, pitisha gesi kavu ya haidrojeni kloraidi halafu chovya litmasi kavu ya bluu (karatasi inayogeuka nyekundu ikikutana na asidi), inabaki bluu vilevile. Hakuna wa kupokea protoni, hakuna wa kutenganisha ayoni. Ongeza maji kidogo utikise, nyekundu hiyo.

Basi nikajiona fundi. Kesho yake narudia titresheni yangu, rangi imeanza tena kujivuta kama ya kwanza. Nikaangalia chupa ya asidi asetiki, kifuniko niliacha wazi usiku kucha na ile kitu inanyonya unyevu hewani balaa. Ikabidi niombe anihaidraidi ya asetiki kidogo, kemikali inayokula maji na kuyageuza asidi asetiki, iyale hayo maji, nikaanza upya.